Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Kuogelea Ukubwani

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka Mtwara, Lindi na Kilwa Masoko, na zote zimeandikwa na watu wazima wanaojifunza kuogelea. Tumezifupisha kidogo, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi. Anayezijibu ni mwalimu wetu wa kuogelea wa Mtwara.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 43, nilihamia Mtwara kutoka Songea miaka mitatu iliyopita. Tangu mwaka jana ninakwenda ufukwe wa Shangani kila Jumamosi kujifunza kuogelea. Hofu ya maji imeniisha, na ninaweza kwenda umbali wa hatua kama ishirini nikipiga maji kwa mikono na miguu, lakini nikifika hapo pumzi hukatika, moyo hudunda na hulazimika kusimama. Kinachoniumiza ni kwamba ninakimbia kilomita nane asubuhi bila kupumzika, huku watoto wa darasa la tano wananipita majini wakizungumza na kucheka. Je, nifanye mazoezi gani ya kuongeza nguvu na pumzi? – Msomaji wa Shangani, Mtwara.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza kwa kukuomba usiongeze nguvu. Mtu anayekimbia kilomita nane hana upungufu wa mapafu, na hatua ishirini za maji haziwezi kumaliza pumzi ya mtu kama huyo kwa sababu ya udhaifu. Unachoka kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi unayoifanya haikupeleki mbele, na kila unapoongeza nguvu unaiongeza kazi hiyohiyo.

Ninalisema hili kwa sababu limenipata. Nilizaliwa Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako maji yalikuwa kitu cha kuteremkia bondeni na kupandisha kichwani, na hakuna mtoto aliyewaza kulala juu yake. Niliingia baharini kwa nia ya kujifunza nikiwa na miaka 39, na kwa miezi saba nilifanya hasa unachokifanya wewe, nikipiga maji kwa nguvu zaidi kila wiki na kusimama palepale kila wiki. Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja mvuvi wa Mikindani ambaye alikuwa akishona nyavu chini ya mkungu, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, haya maji yamekukosea nini?” Siku hiyo ndiyo niliyoanza kujifunza.

Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Kosa dogo la mwili ambalo mkimbiaji halihisi kabisa barabarani hugeuka mzigo mkubwa pale anapoingia baharini, na mzigo huo hauongezeki sawasawa na mwendo, kwa maana ukitaka kwenda kasi mara mbili, maji hukukinza karibu mara nne. Fikiria mtumbwi mwembamba na pantoni vikisukumwa na watu walewale kwa nguvu ileile. Watoto wanaokupita hawakushindi nguvu. Wao wamelala juu ya maji kama mtumbwi, nawe, kwa jinsi unavyoeleza, huenda unasogea ukiwa umesimama nusu, kifua kikiwa mbele na miguu ikining'inia nyuma kama nanga. Kwa hiyo mazoezi yako ya kwanza yatakuwa ya kulala.

Nenda kwenye maji ya kiunoni hadi kifuani, vuta pumzi, nyoosha mikono mbele, lala kifudifudi na utulie. Miguu yako itaanza kushuka, na sababu yake ni rahisi kuielewa: mapafu yaliyojaa hewa yako kifuani na ndiyo boya lako, ilhali uzito wa nyonga na mapaja uko upande wa chini ambako hakuna boya. Mwili wa mtu majini ni kama mti wa mizani ambao mhimili wake uko karibu na kifua, na upande mmoja ukiinuka upande wa pili hushuka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na kikiwa ndani ya maji uzito huo karibu wote hubebwa na maji, lakini ukikiinua ili utazame unakokwenda unaubeba wewe mwenyewe kwa shingo na mgongo, na malipo yake ni nyonga kuzama. Basi legeza shingo, elekeza uso kwenye mchanga ulio chini yako, acha maji yafunike sehemu kubwa ya kisogo, na ukandamize kidari kidogo kana kwamba unakilaza juu ya mto.

Hivi karibuni nilisimama kwenye maji ya kifuani na mwanafunzi mwenye umri kama wako, nikaweka vidole viwili chini ya kisigino chake. Alipokuwa akitazama mbele, kwenye mashua zilizotia nanga, kisigino kilinilemea vidole kikashuka hadi usawa wa magoti yangu. Nilipomgusa kisogo naye akaiachia shingo, kisigino kiliondoka vidoleni chenyewe, kikapanda taratibu, mpaka nikauona unyayo wake mweupe ukichungulia juu ya maji. Hakuwa amepiga teke hata moja. Aliposimama aliniuliza ni nani aliyemwinua.

Utawaona wavuvi wetu wakiogelea kichwa kikiwa juu, na tafadhali usidhani kwamba wanakosea. Mvuvi anahitaji kuona chombo chake, boya la wavu wake na wimbi linalokuja, tena kwa kawaida haogelei mbali, na mwili wake umeuzoea mtindo huo tangu utotoni. Hata Johnny Weissmuller, Mmarekani ambaye mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 kwa muda usiofika dakika moja, alikuwa maarufu kwa kuogelea akiwa ameinua kichwa, lakini alikuwa na miguu ya bingwa ya kulipia gharama hiyo. Wewe unataka kwenda mbali kwa gharama ndogo, na kwa shabaha hiyo uso lazima uwe ndani ya maji.

Sasa nije kwenye pumzi, kwa sababu hapo ndipo watu wazima wengi wanapokatiwa safari, na ninaamini ndipo ulipo ugonjwa wako mkubwa. Ninataka kujua jambo moja: uso wako ukiwa majini, unatoa pumzi au unaibana? Wanafunzi wangu karibu wote huibana bila kujijua. Hamu kali ya kupumua, ile inayokufanya usimame ukitweta, haitokani hasa na kuisha kwa oksijeni. Inatokana na hewa ukaa iliyolundikana katika damu ikikosa pa kutokea. Mtu anayeibana pumzi majini, kisha akatoa kichwa na kutaka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja katika nafasi fupi kama kufumba na kufumbua, hupata nafasi ya kufanya nusu tu ya kila kimoja, na baada ya mizunguko sita au saba deni limemzidi. Ukikimbia hulifanyi kosa hilo, kwa kuwa hakuna kinachokuzuia kutoa pumzi, na ndiyo sababu mapafu yaleyale yanakufikisha kilomita nane barabarani na kukukatia hatua ishirini baharini.

Dawa yake ni ya kitoto, na watu wazima huona haya kuifanya. Simama kwenye maji ya kiunoni, shika ubavu wa ngalawa iliyotia nanga, tia uso majini na utoe pumzi polepole kwa pua na mdomo huku ukiguna “mmmm”, kwa kuwa mguno hauwezi kutoka bila pumzi kutoka nao. Sikiliza mapovu yakipita kando ya masikio. Kisha geuza uso upande mmoja, vuta pumzi ya kawaida isiyo kubwa, rudisha uso, guna tena. Fanya hivyo mara thelathini mfululizo, na kama mara ya thelathini unatweta, bado hujawa tayari kuongeza mikono. Angalia tu usichanganye zoezi hili na ile tabia ya vijana ya kuvuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kupiga mbizi. Tabia hiyo huipunguza hewa ukaa mwilini kiasi kwamba mtu hapati onyo la kupumua kabla oksijeni haijamwishia, naye huzimia chini ya maji bila kelele. Nakusihi usiifanye kamwe.

Ukianza kwenda, usiinue kichwa ili upumue; kigeuze pamoja na bega na nyonga, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kichwa kinachosogea husukuma maji mbele yake na kuacha bonde dogo kando ya shavu, na mdomo ukifika kwenye bonde hilo utapata hewa ilhali sikio moja na jicho moja bado vimo majini. Miwani ya kuogelea itakusaidia sana hapa, kwa sababu anayefumba macho huinua kichwa kwa kutafuta mwanga.

Kuhusu miguu nitasema machache, ingawa najua ndiyo unayoitegemea. Mapaja ni misuli mikubwa inayokula oksijeni kwa wingi, na wakimbiaji wengi wana vifundo vya miguu vilivyokakamaa, hivyo mateke yao huyakwatua maji kama jembe na wakati mwingine huwarudisha nyuma. Piga mateke madogo yanayoanzia nyongani, goti likijikunja kidogo tu na unyayo ukilegea kama unayetikisa ndala iliyopwaya mguuni. Teke moja kwa kila mkono linamtosha mtu asiyeshindana, kwani kazi ya miguu yako kwa sasa ni kuulinda usawa wa mwili. Kukusukuma mbele ni kazi ya sehemu nyingine.

Kwenye mikono nitakaa kidogo zaidi. Mkono uingie majini mbele ya bega lake, vidole vikitangulia, nao upenye mbele kwa utulivu kama unavyopenyeza mkono kwenye mkono wa kanzu. Ukiuvusha hadi mbele ya pua, mwili mzima utapinda kama nyoka na utalipa kila pindo. Mkono huo ukiwa umenyooka, bega lake liko chini na la pili liko juu, kwa hiyo umelala kwa ubavu kidogo, mrefu na mwembamba, na hapo ndipo maji yanapokuachia. Kisha kunja kiwiko, ukiache kibaki karibu na uso wa maji huku vidole vikielekea chini, ili kiganja na kigasha chote, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kiganjani, viwe kafi moja pana, na usukume maji kuelekea miguuni mpaka mkono upite pajani. Wanaoanza husukuma maji kwenda chini kwa mkono ulionyooka, jambo ambalo huinua kifua na kuzamisha miguu, na kazi yote ya kulala tuliyoifanya inapotea. Ili uhisi ninachosema, ogelea mara kadhaa ukiwa umekunja ngumi. Kiganja kikikosekana utalazimika kuyashika maji kwa kigasha, na utakapokunjua vidole utajiona umepewa kafi mpya.

Ili ujue kama unaendelea, acha kupima kwa hatua. Chukua kamba ya mita 25, ufunge kidumu cha lita tano kila mwisho na jiwe chini ya kila kidumu, uitandaze sambamba na ufukwe mahali ambapo maji hayapiti kifua, kisha uhesabu mikono kutoka kidumu hadi kidumu, kila mkono ukiwa moja. Mtu anayepigana na maji huvuka 30, na nimeona waliofika 40. Ukilala vizuri na kutoa pumzi, namba itashuka yenyewe kuelekea 20 na kitu bila wewe kuilazimisha. Usiifukuzie kwa kunyoosha mkono na kungoja hadi mwendo ufe, maana kuuanzisha upya mwendo uliokufa ni gharama kubwa kuliko kuuendeleza. Namba unayoitaka ni ile unayoweza kuirudia safari ya nane sawa na ya kwanza.

Mwisho kwa upande wako ni ratiba. Jumamosi pekee haitoshi, kwani mwili wa mtu mzima unasahau katika siku saba karibu kila ulichojifunza kwa saa moja. Ni afadhali nusu saa mara tatu kwa wiki. Ogelea kamba moja, simama mpaka upumue kama mtu aliyekaa kitini, ndipo urudi. Na siku ambayo hesabu yako inaanza kupanda kutoka 24 hadi 27 hadi 31, toka majini uende nyumbani, kwa sababu kuanzia hapo unaufundisha mwili makosa.

Swali: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 35 na ninaishi Lindi mjini. Ninavuka kwenda Kitunda mara kwa mara kwa shughuli za shamba, na chombo kikiyumba roho yangu huwa mkononi kwa kuwa sijui kuogelea hata kidogo. Nimeamua kujifunza, lakini hakuna bwawa karibu nami na bahari ninaiona haina tabia moja. Tena mimi huvaa mavazi ya kujisitiri. Je, nianzie wapi, saa ngapi, na nivae nini? – Mama wa Lindi.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Uamuzi wako umenigusa, kwa kuwa wanawake wengi wa mwambao wetu wanaishi hatua chache kutoka baharini na hakuna aliyewahi kuwafundisha, ilhali kaka zao walijifunza wakiwa na miaka sita. Kukosa bwawa kusikuvunje moyo. Kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo huyafanya yawe mazito kuliko maji ya bwawa au ya mto, kwa hiyo yatakubeba vizuri zaidi katika siku zile za mwanzo ambapo unahitaji kubebwa.

Ni kweli kwamba bahari haina tabia moja, lakini ina ratiba, na wewe uliyekulia pwani unaijua. Maji hujaa kwa saa sita na kitu na kupwa kwa saa sita na kitu, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huenda mbali na kurudi kwa kasi, kwa hiyo wewe chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo mikondo ni mipole. Ingia katika saa ya mwisho kabla ya maji kujaa kabisa, kwa sababu wakati huo maji yanasogea kuelekea nchi kavu na si kuelekea kilindini, na utoke kabla hayajaanza kupwa. Asubuhi ni bora kuliko alasiri, hasa wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kutoka kusini, ambapo upepo huamka kadiri jua linavyopanda na kuleta mawimbi ambayo mwanafunzi hayahitaji. Ukiweza kuanza wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, utakuta bahari imetulia kuliko miezi mingine mingi.

Kaa mbali na mahali mto Lukuledi unapoingilia ghubani na mbali na njia ya vyombo vinavyovuka kwenda Kitunda, kwani maji ya hapo yana tope, hayaonyeshi kina chake, na yana mkondo. Waulize wavuvi ni wapi kuna mchanga mtupu usio na shimo wala mwamba, nawe uingie ukiburuta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani aliyejifukia mchangani, akimbie kabla hujamkanyaga. Usiende peke yako hata siku moja. Chukua mwanamke mwenzako anayejua, naye asimame ndani ya maji pamoja nawe, kwa sababu mtu aliyekaa ufukweni na simu mkononi hawezi kukufikia kwa wakati.

Kuhusu mavazi, kanga na dera havifai, si kwa ajili ya adabu bali kwa sababu hujaa maji, huelea juu hadi usoni na kufunga miguu. Kitambaa cha pamba nacho hunywa maji kikawa kizito. Vaa suruali ya kubana na blauzi ndefu ya mikono mirefu, zote za kitambaa chepesi kinachokauka upesi kama cha jezi za michezo, na ukaze kilemba kifupi au kofia ya kuogelea juu ya nywele. Utakuwa umejisitiri kama unavyotaka, na maji yatapita.

Kwa kuwa sababu yako ni safari ya Kitunda, mimi nisingeanza na mikono wala na kifudifudi kama nilivyomwelekeza ndugu wa Shangani. Ningeanza na chali. Mwenzako akushike kwa kiganja kimoja chini ya mgongo, kati ya mabega. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yazame na kidevu kitazame juu, inua kifua na tumbo kuelekea angani, tandaza mikono, na upumue taratibu, mapafu yakibaki na hewa kila wakati. Utasikia sauti za ufukweni zikififia na pumzi yako ikivuma ndani ya kichwa, na hapo wengi huogopa wakakaa kitako, nao huzama papo hapo. Rudia. Siku ambayo mwenzako ataondoa kiganja bila kukuambia nawe ukabaki juu kwa dakika tano, utakuwa umepata jambo la kwanza linalomwokoa mtu aliyeanguka majini, yaani kungoja bila kuchoka. Baada ya hapo jifunze kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali na kurudi, kisha kusogea chali kwa mateke madogo, na mwishowe ujaribu yote hayo, kwenye maji ya kiunoni na mwenzako akiwa karibu, ukiwa na nguo unazosafiria, ili ujue tofauti yake kabla bahari haijakuonyesha.

Ikitokea mkondo ukakuvuta kuelekea nje, usishindane nao kwa kurudi moja kwa moja ufukweni, kwani hata mabingwa huchoka. Lala chali, punga mkono na kuita, au usogee sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Na ndani ya chombo endelea kudai jaketi okozi na kulifunga, hata utakapokuwa mwogeleaji mzuri.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 27, ni mwembamba, na kazi yangu ni kubeba mizigo Kilwa Masoko. Nikilala kifudifudi majini miguu yangu hushuka mpaka ninasimama wima, hata nikitazama chini kama wanavyofundisha. Wenzangu wanasema nina mifupa mizito na sitaweza kuogelea. Ni kweli? – Kijana wa Kilwa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekosea kuhusu mwisho wa habari, ingawa mwanzo wake wameuona vizuri. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito kuliko maji, hivyo kijana mwembamba wa kubeba mizigo, mwenye mapaja ya misuli mitupu, hushuka miguu kuliko mzee mwenye kitambi. Wako waogeleaji hodari wengi wenye mwili kama wako, na hawategemei kuelea wakiwa wametulia.

Fanya mambo mawili. La kwanza, usilaze mikono kando ya mwili. Inyooshe mbele kabisa, kiganja juu ya kiganja, masikio yakiwa kati ya mikono, kwa sababu uzito unaousogeza mbele ya kifua husaidia kuinua upande wa nyuma, na usitoe pumzi yote kwa mara moja kwa kuwa boya lako ni mapafu. La pili, usijipime ukiwa umesimama mahali pamoja. Mwili unaokwenda hupata msaada wa maji yanayopita chini yake, nayo miguu hufuata nyuma kama kamba inayoburutwa na mashua, ilhali mashua ikisimama kamba huzama.

Kwa hiyo simama kwenye maji ya kiunoni ukielekea ufukweni, jisukume kwa miguu kutoka mchangani, teleza ukiwa umenyooka, mateke yakiwa madogo sana, na mara unapohisi miguu inaanza kushuka simama uhesabu umekwenda hatua ngapi. Huenda leo zikawa tatu. Zikifika saba, ongeza mkono mmoja tu mwishoni mwa mtelezo, kabla miguu haijashuka, kisha usimame tena; zikifika saba na mkono mmoja kwa siku tatu mfululizo, ongeza wa pili.